Mkono wa Kichina, Mguu wa Kikorea

Nilianza taekwondo kwa sababu ya binti yangu. Yeye ndiye aliyeitaka. Mimi nilikuwa dereva wake tu. Mara mbili kwa wiki nilimpeleka Ansab, mtaa wa hapa Maskati, kwenye ukumbi wa wanawake ulio juu ya duka la mapazia, nikakaa kwenye benchi na mitihani ya wanafunzi wangu magotini, nikisahihisha huku vishindo vya miguu vikitikisa sakafu. Siku moja kocha, mwanamke wa Kikenya, mrefu, mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani, alikuja akasimama mbele yangu.

"Mama, hilo benchi limekuzoea vibaya," akasema. "Toa viatu uingie."

Nilidhani anatania. Nilikuwa nimeshavuka miaka arobaini, na mgongo wangu ulikuwa ukilalamika kila nikiinama kufunga viatu hivyohivyo alivyotaka nivitoe. Lakini aliendelea kusimama pale, mikono kiunoni, mpaka nikavitoa. Kabla mwaka haujaisha binti yangu alikuwa ameshachoka na ngumi na mateke, akahamia kwenye uchoraji. Mimi nikabaki.

Nyumbani walishangaa. Mimi ni mwalimu wa historia katika skuli ya wasichana. Wazee wangu walitoka Unguja wakaja Maskati wakiwa bado vijana, na mpaka leo ndani ya nyumba yetu tunasema Kiswahili, tukifungua mlango tunasema Kiarabu. Mama yangu aliponiona kwa mara ya kwanza juu ya dari, lile paa bapa la nyumba, alfajiri kabla jua halijaanza kuunguza, nikipiga teke hewani na buibui langu nimelitundika kwenye kamba ya nguo, alishika mlango asianguke.

"Mwanamke mzima, mwalimu wa watu, unarusha miguu! Mimi nnaona haya kukutazama."

"Basi usinitazame, mama."

"Nisikutazame, ukianguka nani atakuokota?"

Akaleta kiti akaketi. Akawa anakuja karibu kila alfajiri, na kahawa yake, na maoni yake.

Nilipanda mkanda baada ya mkanda, taratibu, nikiwa mkubwa kuliko wote ukumbini. Wasichana wa chuo walijifunza kwa wiki moja jambo lililonichukua miezi. Haikunivunja moyo. Nilikuwa nimetumia nusu ya umri wangu kuwaambia wanafunzi kwamba anayerudia ndiye anayejua, na sasa ilinibidi niyaishi maneno yangu. Kocha alianza kuniita "Mwalimu", na mimi nikamwita "Kocha", na hatukuwahi kuitana vingine.

Ikafika zamu yangu ya kujiandaa kwa mkanda mweusi. Mtihani wenyewe una sehemu za mwili, yaani mateke, mapambano na kuvunja ubao, kisha kuna maswali ya mdomo mbele ya mtahini. Swali moja haliachwi kamwe: asili ya taekwondo ni nini? Kocha alinipa kijitabu cha maandalizi. Kilisema sanaa hii ina umri wa miaka elfu mbili. Kwamba imechorwa kwenye kuta za makaburi ya kale ya Korea, wanaume wawili wakikabiliana mikono juu. Kwamba vijana mashujaa wa ufalme mmoja wa huko waliifanya kuwa kiapo chao. Kwamba imeshuka kizazi hadi kizazi bila kukatika, mpaka ikatufikia.

"Jibu ndilo hilo," Kocha alisema. "Liweke kichwani kama namba ya simu ya mumeo."

Nikaliweka. Lilikuwa jibu zuri, na mimi napenda mambo ya kale.

Sasa, katika taekwondo kuna mifululizo ya hatua, kinga na mapigo ambayo mtu huifanya peke yake, bila mpinzani, kama anayepigana na watu wasioonekana. Ya siku hizi ni mipya, ndiyo inayotakiwa kwenye mitihani. Lakini Kocha alitufundisha kwanza mmoja wa zamani, kwa sababu yeye mwenyewe alianzia hapo, kwao Nakuru. Unageuka kushoto, unakinga chini, unapiga hatua na ngumi. Unageuka nyuma, unakinga tena, unauvuta mkono kana kwamba mtu ameushika. Niliufanya juu ya dari mpaka mama akawa anajua hatua inayofuata kabla yangu.

Wakati huo binti yangu alikuwa akisoma masomo ya ziada Madinat Sultan Qaboos, katika kituo kilichokuwa na vyumba vingi vya kukodisha. Jioni moja nilifika mapema kumchukua. Mlango wa chumba cha jirani ulikuwa wazi, na ndani watoto waliovaa nguo nyeupe walikuwa wamejipanga mistari. Juu ya mlango paliandikwa kwa Kiarabu: karate. Nikachungulia kwa udadisi tu.

Wakageuka kushoto. Wakakinga chini. Wakapiga hatua na ngumi. Wakageuka nyuma, wakakinga, wakavuta mkono.

Nilibaki nimesimama pale, ufunguo wa gari mkononi. Ulikuwa mfululizo wangu, ule nilioambiwa ni urithi wa mashujaa wa Korea, na walikuwa wakiufanya watoto waliokuwa wakihesabiwa kwa Kijapani. Walisimama chini zaidi yetu na ngumi zao zilitoka kwa ukali zaidi, lakini njia ilikuwa ileile. Walipomaliza nilimwomba radhi mwalimu wao, nikamwuliza mfululizo ule unaitwaje. Akaniambia jina lake kwa Kijapani, akaeleza kwamba maana yake ni amani na utulivu. Nilijua maana hiyo. Kocha alitufundisha jina la Kikorea, lenye maana ileile. Baadaye nilipotafuta nikaona hata maandishi ni yaleyale ya Kichina. Mjapani anayasoma hivi, Mkorea anayasoma vile.

Binti yangu alitoka akanikuta bado nimesimama. "Mama, una nini?"

"Hamna kitu," nikasema. "Nimeona ndugu nisiyemjua."

Kuanzia siku ile sikutulia. Nilisoma nilichoweza kukipata, kama ninavyowataka wanafunzi wangu wasome: nani anasema, alijuaje, na anafaidika nini nikimwamini. Picha ikaanza kujitokeza. Japani iliitawala Korea kwa miaka mingi, na mchezo wa zamani wa Wakorea wa kuangushana kwa miguu ulikaribia kufa katika miaka hiyo. Vijana wa Kikorea waliokwenda kusoma Japani walijifunza karate huko. Vita vikuu vya pili vilipokwisha na Wajapani kuondoka, vijana hao wakafungua skuli za mapigano mijini kwao, wakafundisha walichokijua. Wengine walikuwa wamejifunza mapigano ya Kichina upande wa kaskazini, wakayachanganya. Skuli nyingine zilikiita zilichofundisha "njia ya mkono wa Kichina", kwa sababu karate yenyewe ilianza kuandikwa hivyo: ilitoka visiwa vya kusini mwa Japani, na watu wa visiwa hivyo walikuwa wamechukua mengi kwa Wachina. Wajapani ndio waliobadilisha maandishi, neno likatamkwa vilevile lakini likawa "mkono mtupu", ili Mchina asionekane. Na Wakorea nao, baada ya mabishano marefu, wakachagua jina jipya, mguu na ngumi na njia, linalokaribia kwa sauti jina la mchezo wao wa kale. Ili Mjapani naye asionekane.

Kila mmoja alikuwa amefuta jina la aliyemfundisha.

Nilimweleza mama yangu haya wakati tunachambua mchele. Nilidhani hatojali. Aliacha mchele, akanitazama.

"Wewe unadhani sisi tulifanya nini?" akasema. "Tulipofika hapa, kila tukiulizwa asili yetu, tulisema Oman, tangu babu na babu. Kweli. Lakini bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmanyema. Hukumsikia akitajwa, umemsikia?"

Sikuwahi kumsikia. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa historia, na ndiyo mara ya kwanza naambiwa nina bibi aliyetoka Kongo.

"Kwa nini hamkusema?"

"Tulikuwa wageni, mwanangu. Mgeni anataka akubaliwe kwanza. Mambo ya kweli anayaweka mpaka akae vizuri." Akarudi kwenye mchele. "Kisha anasahau alipoyaweka. Mimi nnakwambia sasa kwa sababu nnazeeka."

Nilimwuliza alikuwa mtu wa namna gani. Akaniambia alikuwa mfupi, mkali, na akiimba akitwanga. Nilipanda darini nikakaa kwenye kiti cha mama bila kufanya zoezi lolote. Niliposhuka nilikuwa nimeshaamua. Sitolisema lile jibu la kijitabu. Nitasema ninachokijua.

Kocha hakupendezwa. Nilingoja wasichana watoke, nikamwambia yote, juu ya watoto wa karate, na jina, na mkono wa Kichina. Alikuwa anakunja magodoro, akaacha.

"Kwa hiyo unaniambia nimekuwa nikifundisha uwongo?"

"Sikusema hivyo, Kocha."

"Umesema. Mwalimu, mimi nimefundishwa na mzee mmoja, alikuwa askari polisi. Yeye alifundishwa na Mkorea kabisa, aliyeletwa Kenya kufundisha polisi. Huyo mzee alinitoa mahali pabaya. Hakunitoza hata shilingi. Aliniambia hii kitu ni ya miaka elfu mbili, na mimi nikamwamini, na kuamini ndiko kulikonisimamisha. Sasa unataka nisimame mbele ya watu niseme alinidanganya?"

"Atakayesimama si wewe, ni mimi."

"Ukisimama wewe, nimesimama mimi. Klabu ni yangu. Huyo mtahini akikasirika, nani atanipa kibali cha kupeleka wasichana wengine?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikwenda nyumbani nikiwa mzito. Kwa wiki kadhaa tulifanya mazoezi bila mazungumzo. Alinisahihisha mguu na kiuno, nikasema "ndiyo, Kocha", basi. Lakini sikuacha kwenda, wala yeye hakupunguza kunikaza. Kama ni hasira, aliimalizia kwenye teke langu la kugeuka, ambalo mwishowe lilianza kufika linapotakiwa.

Kisha jioni moja akaniita ofisini kwake, chumba kidogo chenye dirisha la kutazama duka la matairi. Simu yake ilikuwa mezani, imeegemezwa kwenye chupa ya maji, na ndani yake palikuwa na uso wa mzee mwenye mvi na kofia ya sufu. Alikuwa yule askari mstaafu, yuko Nakuru, anapigwa na baridi.

"Mzee, huyu ndiye Mwalimu niliyekuambia," Kocha akasema. "Mwambie alivyokosea."

Mzee akanisalimu kwa adabu, akaniuliza khabari za nyumbani na za joto la Maskati. Kisha akacheka, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi.

"Hajakosea," akasema. "Yule Mkorea wetu alikuwa mtu mzuri lakini hasira zake zilikuwa mbaya. Kwa kawaida alituhesabia kwa Kikorea. Hana, dul, set. Lakini tukimuudhi, anasahau, anaanza ichi, ni, san. Hicho ni Kijapani. Mimi nilikuwa nimeisikia kwenye filamu nikamwuliza, 'Mwalimu, mbona leo unahesabu Kijapani?' Siku iliyofuata alitukimbiza mpaka watu wakatapika, na hakuna aliyeuliza tena."

Kocha alikuwa ameishika meza. "Lakini uliniambia ni ya miaka elfu mbili."

"Mama, ulikuwa msichana wa miaka kumi na minne na ulikuwa unataka kurudi mtaani. Ningekuambia nini? Kwamba hatujui?" Mzee akasogea karibu na simu mpaka tukawa tunaona paji la uso tu. "Yule Mkorea alikuwa mtoto wakati Wajapani wanawatawala, akienda shule ambayo lugha yake ilikuwa imekatazwa. Alijifunza kuhesabu kwa lugha ya waliomtawala. Halafu akakua, akaichukua kazi yao akaifanya yake. Mimi nilimheshimu zaidi nilipoelewa hivyo. Sikupunguza kitu."

Baada ya simu Kocha alifuta macho kwa mkono wa nguo yake ya mazoezi, kwa haraka, kama mtu anayefuta jasho.

"Basi kaseme," akaniambia. "Lakini useme vizuri. Usiende kule kunitia aibu kwa maneno nusu nusu."

Mtihani ulifanyika Wadi Kabir, katika ukumbi wa kukodi nyuma ya safu ya magereji, na nje nyundo za mafundi hazikukoma hata dakika. Mtahini alikuwa Mkorea mtu mzima anayeishi nchi jirani. Nywele nyeupe, suti ya buluu, viatu ameviacha mlangoni kama sisi. Nilifanya mateke. Nilifanya mapambano na msichana ambaye ningeweza kumzaa, akanipiga kifuani nikarudi nyuma, nikarudi mbele. Ubao ulikataa mara ya kwanza. Nikauvunja mara ya pili, na kisigino kikawa kinawaka moto. Kisha nikaitwa mezani.

"Asili ya taekwondo?" akauliza kwa Kiingereza, bila kuinua macho.

Nikamjibu. Nilisema juu ya vijana waliokwenda Japani wakarudi, juu ya mkono wa Kichina, juu ya majina yaliyobadilishwa. Nilisema michoro ya makaburini inaonyesha watu wawili, lakini hakuna anayeweza kutuonyesha nani alimfundisha nani kutoka pale mpaka leo. Nilisema kama nisemavyo darasani. Alikuwa ameshainua macho.

"Nani amekufundisha hayo?"

"Nimesoma mwenyewe."

"Mimi ndiye kocha wake," ikasikika sauti nyuma yangu. Kocha alikuwa ametoka kwenye mstari wa makocha, jambo ambalo haliruhusiwi, akaja akasimama kando yangu. Akaeleza, kwa Kiingereza chake kilichonyooka, juu ya mzee wake wa Nakuru na yule Mkorea aliyehesabu kwa Kijapani akikasirika.

Mtahini aliweka kalamu chini. Nje mtu alikuwa akigonga bati.

"Baba yangu," akasema mwishowe, "alihesabu hela hivyo mpaka alipokufa. Mama alimkataza mbele ya watoto." Akanitazama. "Sasa niambie. Kama yote yametoka kwa wengine, ulichokifanya leo kina Ukorea gani?"

"Mguu," nikasema. Nikamweleza kwamba watoto wa karate niliowaona hawakuinua miguu yao kupita kiuno, na yetu inafika kichwani, na haikufika huko kwa bahati. Watu waliopokea ngumi ya mgeni walikuwa na kumbukumbu ya mchezo wa miguu, hata kama ni kumbukumbu tu, na vijana wao wakaendelea kuinua, na kuruka, na kuzunguka, mpaka ikawa kitu ambacho aliyewafundisha hawezi kukidai.

Aliandika kwa muda. Kisha akasema, "Historia, nakupa nusu ya alama. Nusu nyingine umeikosa kwa haraka yako. Kwamba hatuna ushahidi wa mnyororo si ushahidi kwamba wale wa makaburini hawakutuachia kitu. Mwalimu wa historia anapaswa kujua hilo."

Nilitaka kubisha. Nikafikiri, nikaona ana haki. Nikainama, nikasema ahsante. Alama za mateke na mapambano zilinivusha.

Mkanda ulipofika, na jina langu limetariziwa kwa dhahabu, mama aliushika, akaupima uzito mkononi, akasema uzi wake si mbaya. Binti yangu alinichora nikiwa nimeuvaa. Akanifanya mwembamba kuliko nilivyo, nami sikumsahihisha.

Kocha alirudi Kenya mwaka uliofuata, mkataba wake ulipokwisha. Alitaka kufungua klabu yake Nakuru wakati mzee wake bado yupo kuja kukaa mlangoni. Siku ya mwisho alinikabidhi funguo za ukumbi bila hotuba. Akasema tu, "Usiwaonee huruma," akashuka ngazi na begi lake begani.

Kwa hiyo sasa ukumbi ni wangu, baada ya skuli. Nnafundisha mifululizo mipya inayotakiwa kwenye mitihani, na nnafundisha na ule wa zamani, ingawa hauulizwi. Kabla wasichana hawajaupiga nawaambia ulipita wapi: China, visiwa vya kusini, Japani, Korea, Nakuru, Ansab. Wazazi wawili walilalamika kwamba nawachanganya watoto. Nikawakaribisha wakae kwenye benchi wasikilize. Mmoja, mama mwenye umri kama wangu, alikuja akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama tuna nguo nyeupe ya saizi yake. Nikamwambia ipo, atoe viatu kwanza.